Dhifa kwa Ajili ya Watetezi wa Watoto

Hotuba iliyosomwa mbele ya Mkutano Mkuu wa Mwaka, na kuchapishwa humu kwa idhini ya Halmashauri



Halmashauri ilituagiza sisi wa ofisi ya Katibu tueleze mbele yenu jambo moja lililo katika orodha ya kazi za mwaka ujao, nalo ni dhifa ya changizo. Chama kimeombwa kiwe mwenyeji wa chakula cha usiku, na fedha zitakazobaki baada ya gharama zipewe shirika linalotetea watoto katika sehemu zetu. Maneno mengi yamesemwa juu ya jambo hili. Wako waliofurahi. Wako waliouliza, na wana haki ya kuuliza, kama yafaa kuwalisha walioshiba ili kuwasaidia wenye njaa. Na wako wazee wachache waliotuita kando wakatuambia kwamba watetezi hao kazi yao ni kuwafundisha watoto kuwashitaki wazazi. Twaona ni heri maneno hayo yajibiwe hapa mkutanoni, mbele ya wote, kuliko kuachwa yazungukezunguke njiani.

Tutaeleza mambo manne: kazi ya mtetezi ni nini, dhifa huleta faida gani na hula faida gani, mtoto ana mahali gani katika dhifa hiyo, na mgeni anayetoa fedha anapata nini kwa fedha zake. Mwisho tutawaomba mpige kura.

Kwanza, kazi ya mtetezi. Sisi tumezoea misaada ionekanayo kwa macho. Tukinunua blanketi, twaweza kuzihesabu. Tukijenga darasa, twaweza kuandika jina la chama chetu ukutani, na wajukuu watalisoma. Kazi ya utetezi haionekani hivyo, na kwa sababu hiyo watu wengi huona uzito kuitolea fedha. Basi natuchukue mfano.

Msichana wa gredi ya sita ametendewa uovu na mtu mzima anayejulikana kijijini. Hapana budi afikishwe hospitali upesi, kabla hajaogeshwa na kabla nguo zake hazijafuliwa, maana huo ndio ushahidi. Hapana budi habari iandikwe katika kitabu cha matukio kituoni kwa polisi, na mama apewe namba ya habari hiyo. Hapana budi fomu ya P3 ijazwe na daktari. Kisha kesi itatajwa, itaahirishwa, itatajwa tena. Na kila mara mama, mtoto na mashahidi watatakiwa wafike mahakamani. Mama huyo ni kibarua wa siku. Siku anayokwenda mahakamani hapati ujira, na nauli ni juu yake. Wakati huohuo jamaa za mshitakiwa humjia usiku, mara kwa maneno matamu, mara kwa vitisho. Kesi ya namna hiyo yaweza kufa bila kushindwa. Yafa kwa kukosa nauli, kwa shahidi aliyechoka, kwa mama aliyeachwa peke yake.

Mtetezi ndiye anayeandamana na mama huyo tangu siku ya kwanza hata siku ya hukumu. Yeye hununua tikiti ya basi, hukumbuka tarehe, humwuliza karani wa mahakama faili iko wapi, humtafuta wakili, na humpelekea mtoto mshauri wa kumtuliza moyo. Ukimwuliza mwisho wa mwaka akuonyeshe alichonunua, atakuonyesha risiti za mabasi na madaftari ya kumbukumbu. Hakuna ukuta wa kuandika majina. Walakini wazee wetu walikwisha kusema kwamba mkono mmoja haulei mwana, na mtetezi ni mkono wa pili kwa yule mama.

Kazi ya pili ya mtetezi ni kusema na wenye mamlaka, ili sheria yenyewe iwe njema. Hapa twaomba ruhusa tuwapeleke mbali kidogo. Vita Kuu ya Kwanza iliposimama mwezi wa Novemba 1918, watoto wa Austria na Ujerumani waliendelea kuteseka kwa njaa, kwa kuwa kizuizi cha vyakula baharini kilikuwa hakijaondolewa. Mwaka 1919 bibi mmoja Mwingereza, Eglantyne Jebb, aligawa karatasi zenye picha za watoto hao katika uwanja wa Trafalgar Square, London. Alikamatwa, akatozwa faini ya pauni 5, maana karatasi zake hazikuwa zimepitishwa na wakaguzi wa serikali. Yasimuliwa kwamba mwendesha mashitaka mwenyewe, akiisha kushinda kesi, alimpa bibi huyo pauni 5 kutoka mfukoni mwake. Mwaka huohuo yeye na dada yake, Dorothy Buxton, walianzisha chama cha Save the Children ili kuwalisha watoto wenye njaa.

Lakini Bibi Jebb hakuishia kwenye chakula. Mwaka 1923 aliandika tamko fupi la mambo 5 ambayo kila mtoto anastahili kupewa na watu wazima, na mwaka 1924 Shirikisho la Mataifa, lililotangulia Umoja wa Mataifa, lililikubali huko Geneva. Kutoka karatasi hiyo njia ilikwenda hata Tamko la Umoja wa Mataifa la mwaka 1959, kisha hata Mkataba wa Haki za Mtoto wa tarehe 20 Novemba 1989, ambao Kenya iliuridhia mwaka 1990. Afrika nayo iliandika mkataba wake juu ya haki na ustawi wa mtoto mwaka 1990. Bunge letu likatunga Sheria ya Watoto mwaka 2001; Katiba ya mwaka 2010 ikaweka haki za mtoto katika Ibara ya 53; na Sheria ya Watoto ya mwaka 2022 ikachukua mahali pa ile ya 2001. Kabla ya sheria hiyo ya 2022, mtoto wa miaka 8 aliweza kuhesabiwa kuwa na hatia ya jinai. Sasa umri huo umepandishwa hata miaka 12. Chakula alichogawa Bibi Jebb kililiwa kikaisha, kama chakula chochote. Karatasi yake ingali ikifanya kazi.

Kwa wazee waliosema kwamba watetezi huwafundisha watoto kuwashitaki wazazi, twawaomba waisome hiyo Ibara ya 53. Yasema kwamba mtoto ana haki ya kutunzwa na wazazi wake, na kwamba baba na mama wana wajibu ulio sawa, wawe wameoana au hawakuoana. Basi sheria haimwondoi mzazi, yamrudisha kazini. Mara nyingi mtetezi hahitaji mahakama. Humkumbusha baba aliyehamia mjini kwamba aliacha watoto nyumbani, na kwamba watoto hao wanakula kila siku.

Jambo la pili ni dhifa yenyewe. Desturi ya kuwakusanya wenye uwezo kwa starehe ili wawatolee watoto si jambo jipya. Huko London, nahodha wa merikebu aliyeitwa Thomas Coram aliona watoto wachanga wakitupwa barabarani, akawasihi wakubwa kwa muda wa miaka 17 hata Mfalme George wa Pili akatoa hati mwaka 1739. Nyumba hiyo, Foundling Hospital, ilianza kupokea watoto mwaka 1741. Mtunzi mkuu wa muziki, George Frideric Handel, alifanya tamasha kwa ajili yake mwaka 1749, na tarehe 1 Mei 1750 akapiga humo utungo wake mkubwa uitwao Messiah. Watu walikuja wengi kuliko viti, hata ikapasa tamasha lirudiwe baada ya majuma mawili. Likawa jambo la kila mwaka, nalo liliiletea nyumba hiyo maelfu ya pauni. Basi yule aulizaye kama starehe ya mwenye kushiba yaweza kumfaa mwenye njaa, jibu ni kwamba yaweza, na imekwisha kumfaa.

Lakini habari ya nyumba hiyo ina upande mwingine, na si haki kuuficha. Kati ya mwaka 1756 na 1760 Bunge la Uingereza liliipa fedha nyingi kwa sharti kwamba isimkatae mtoto yeyote. Watoto karibu 15,000 waliletwa katika miaka hiyo michache, na walio wengi wakafa. Fedha zilikuwako, ila mpango wa kuwatunza watoto wengi namna hiyo haukuwako. Kwa hiyo twasema: anayechanga fedha asifurahie kikapu kilichojaa tu. Na aulize kikapu kinakwenda wapi, na huko kiendako ni nani atakayekipokea, na atafanya nini nacho.

Sasa tuje kwenye hesabu zetu. Tumefanya hesabu ya mfano, ili kila mwanachama aone kwa macho yake. Tuseme ukumbi una meza 20, na kila meza ina viti 10; ndio wageni 200. Tuseme kadi moja ni Sh. 3,000. Kadi zote zikinunuliwa, tumepata Sh. 600,000. Hapo ndipo watu wengi hukoma kuhesabu, wakaanza kupiga makofi. Sisi tuendelee. Chakula cha mgeni mmoja tuseme ni Sh. 1,200, kwa watu 200 ni Sh. 240,000. Ukumbi Sh. 60,000. Vipaza sauti na wapiga muziki Sh. 40,000. Kuchapa kadi na matangazo Sh. 20,000. Walinzi na usafiri Sh. 15,000. Jumla ya gharama ni Sh. 375,000, na kinachobaki ni Sh. 225,000. Maana yake ni kwamba katika kila Sh. 100 alizotoa mgeni, zimemfikia mtetezi wa watoto Sh. 37 na senti 50. Na kama wageni 40 hawakulipia kadi zao baada ya chakula kupikwa, tumepungukiwa na Sh. 120,000, na kinachobaki ni Sh. 105,000 tu. Tutakuwa tumefanya kazi miezi mitatu ili kumnenepesha mpishi.

Je, tuache? Sisi hatusemi hivyo. Twasema tuanze kwa kutafuta wa kubeba gharama kabla ya kuuza hata kadi moja. Wenye maduka, vyama vya akiba na mikopo, na wenye magari ya abiria ni jirani zetu. Wakikubali kulipia ukumbi, muziki, uchapaji, walinzi na usafiri, tumeondolewa Sh. 135,000, na kinachobaki chafika Sh. 360,000, ndizo Sh. 60 katika kila 100. Wanachama wakitoa viazi, kabeji, mchele, kuku na mbuzi kutoka mashambani na zizini kwao, na akina mama wa chama wakasimamia jiko, gharama ya chakula yaweza kupungua kwa nusu. Hapo tumebakiwa na Sh. 480,000, nazo ni Sh. 80 katika kila 100. Dhifa ni ileile, wageni ni walewale, kadi ni ileile. Kilichobadilika ni kwamba wenyeji wamefanya kazi. Wazee husema kutoa ni moyo, usambe ni utajiri. Na mwanachama asiye na Sh. 3,000 za kununua kadi huenda ana debe la viazi, naye ahesabiwe miongoni mwa watoaji.

Pia twawaomba tusisahau taratibu za serikali. Tangu mwaka 1960 nchi yetu imekuwa na sheria juu ya makusanyo ya fedha za umma, kwa hiyo Katibu aende ofisi inayohusika aulize juu ya kibali kabla kadi hazijachapwa. Na shirika litakalopokea fedha litupe nakala ya cheti chake cha kuandikishwa, pamoja na hesabu zake zilizokaguliwa. Mgeni mwema hachukii kuulizwa jina lake mlangoni.

Jambo la tatu ndilo lililotuchukua muda mrefu zaidi katika Halmashauri, nalo ni mahali pa mtoto katika dhifa hii. Wengine walitoa shauri kwamba aletwe mtoto mmoja aliyetetewa, asimame jukwaani, asimulie yaliyompata. Walisema wageni wakimwona watalia, na wakilia watafungua mikoba. Hatuna shaka kwamba ni kweli. Hata hivyo twapinga shauri hilo kwa nguvu zetu zote, na twaomba wazee mtuunge mkono.

Mtoto huyo atasema mbele ya watu 200 maneno ambayo alisema kwa shida mbele ya hakimu, mahali ambapo mlango ulifungwa kwa ajili yake. Wageni watakwenda nyumbani, na asubuhi watakuwa wamesahau hotuba zote. Yeye ataamka katika kijiji kilekile, atakwenda shule ileile, atapita katika soko lilelile, na watu watamwonyesha kidole. Siku hizi kila mgeni ana simu yenye kamera. Picha itakayopigwa usiku huo yaweza kuenea kabla chai haijamiminwa, na hakuna atakayeweza kuirudisha. Sheria ya Kulinda Data ya mwaka 2019 yataka idhini ya mzazi au mlezi kabla habari za mtoto hazijatumiwa, na ni lazima matumizi hayo yamlinde mtoto na kumfaa. Sheria ya Watoto ya mwaka 2022 nayo yampa mtoto haki ya faragha. Lakini hata kama sheria hizo zisingalikuwako, twauliza: ni nani kati yetu angemsimamisha binti yake mwenyewe pale jukwaani?

Tulikwisha kusema habari za ile nyumba ya London. Watu wenye vyeo walikuwa wakienda huko siku za Jumapili kuwasikiliza watoto wakiimba kanisani, kisha kuwatazama wakila. Bila shaka sadaka ziliongezeka. Lakini mtoto yule aliyeinama juu ya sahani yake, huku akitazamwa na wageni waliovaa hariri, alifundishwa kwamba hata chakula chake si chake mpaka atazamwe. Na mtu akitukumbusha zile picha za Bibi Jebb, tutajibu kwamba zilikuwa za watoto wa nchi ya mbali, mbele ya watu wasioweza kuwatambua. Mtoto wetu na wageni wetu huchota maji kisima kimoja.

Basi wageni wataambiwa nini? Waambiwe kazi. Mtetezi mwenyewe asimame, aeleze hatua za kesi tangu hospitali hata hukumu, bila jina la mtoto, la kijiji, wala la shule. Aeleze gharama ya nauli ya shahidi mmoja kwa kesi iliyoahirishwa mara tano. Awafundishe wageni namba ya simu 116, isiyolipiwa, ambayo kwayo mtoto au jirani aweza kuomba msaada. Mgeni akiondoka na namba hiyo kichwani, dhifa imekwisha kumfaa mtoto hata kabla ya fedha kuhesabiwa. Na kama twataka sauti za watoto, ziwepo za kwaya ya shule, waimbe kwa furaha mapema jioni, wapewe chakula kilekile cha wageni, warudishwe kwao kabla ya usiku. Mtoto asiwe kitoweo cha karamu yetu.

Jambo la nne ni gumu kulisema, na kwa kuwa sisi ni vijana wenu twaomba radhi kabla ya kulisema. Ni habari ya mgeni anayetoa fedha na anachopata kwa fedha hizo.

Changizo zetu zina historia. Tangu Mzee Jomo Kenyatta alipoitangaza Harambee mwaka 1963, shule, zahanati na miradi ya maji ilijengwa kwa mikono na senti za watu. Hiyo ni sifa ambayo hakuna awezaye kutunyang'anya. Lakini baadaye Harambee ilipata doa. Wakubwa walitoa ili watajwe, na wadogo walitoa kwa kuogopa. Sheria ya Maadili ya Watumishi wa Umma ilipotungwa mwaka 2003, ilimkataza mtumishi wa umma kutumia cheo chake kumshurutisha mtu atoe. Sisi tusingoje sheria itufundishe adabu. Kwa hiyo twashauri kwamba usiku wa dhifa mwongozaji wa sherehe asisome kiasi cha fedha cha mtu yeyote. Majina yote yaandikwe katika kitabu hiki cha mwaka, kwa taratibu ya alfabeti, aliyetoa Sh. 100,000 na aliyetoa debe la viazi, bila tofauti. Tukiwa na mnada wa keki au wa jogoo, na uwe wa kuchekesha, usiwe wa kuaibisha.

Ila lipo jambo kubwa kuliko kutajwa jina. Yawezekana mtu akanunua meza mbili, akakaa mbele, akapigiwa makofi. Na mwaka ujao jina lake, au la mwanawe, likatokea katika kesi ya mtoto. Siku hiyo atakuja kwetu. Hatatutukana. Atatukumbusha tu kwamba alitusaidia, na kwamba mambo ya nyumbani yafaa kumalizwa nyumbani. Ataomba wazee wakae chini ya mti, mbuzi watolewe, mama wa mtoto apewe kitu, na mtetezi aambiwe anyamaze.

Wazee wetu, ninyi mmepatanisha ugomvi wa mipaka, wa mahari, na wa ng'ombe walioingia shambani, na nchi inatulia kwa hekima yenu. Katika mambo hayo mahakama zenyewe huwahitaji. Lakini mtoto aliyenajisiwa si mpaka wa shamba. Mbuzi hawamponyi. Mbuzi huliwa na watu wazima, na mtoto hukaa nyumbani akisikia harufu ya nyama. Tangu Sheria ya Makosa ya Kingono ya mwaka 2006, uamuzi wa kuiacha kesi ya namna hiyo si wa jamaa wala si wa baraza la wazee. Basi yule anayewaomba muimalize chini ya mti awaomba mvunje sheria kwa niaba yake, naye hatakuwako siku mtakapoulizwa.

Kwa sababu hiyo twataka chama kiamue sasa, wakati ambapo hakuna jina la mtu mezani na hakuna aliyekasirika. Maneno haya yachapwe nyuma ya kila kadi: kwamba zawadi hii yapokewa kwa shukrani, wala haimpi mtoaji haki yoyote juu ya kazi ya watetezi. Anayeona maneno hayo ni makali asinunue kadi. Tutapata fedha chache zaidi, lakini fedha hizo hazitaturudia zikidai.

Yabaki maneno machache ya daftari, maana mali bila daftari hupotea bila habari. Michango ya simu ipitie namba ya malipo ya M-Pesa iliyoandikishwa kwa jina la chama, isipitie simu ya mtu binafsi, awe Mweka Hazina au awe Katibu. Kila fedha taslimu iandikiwe risiti papo hapo. Fedha zihesabiwe usiku uleule na watu watatu, mmoja wao akiwa si mjumbe wa Halmashauri, na wote watatu watie sahihi kabla mlango haujafunguliwa. Zipelekwe benki siku ya kwanza ya kazi. Ahadi ziandikwe mahali pake peke yake, kila moja na tarehe yake, wala zisichanganywe na fedha zilizokwisha kupokewa. Maana ahadi ni mvua iliyotangazwa, na hakuna ajazaye mtungi kwa tangazo. Katika muda wa siku 30 hesabu zote zibandikwe katika ubao wa ofisi, gharama kwa mapato, mtu yeyote aje asome. Na baada ya miezi sita shirika lituandikie limefanya nini: kesi ngapi zimefuatwa, nauli ngapi zimelipwa, watoto wangapi wamesaidiwa kupata vyeti vya kuzaliwa. Hesabu zitatosha. Majina hatuyahitaji.

Bwana Mwenyekiti, maombi yetu ni matatu, nasi twaomba yapigiwe kura moja moja. La kwanza: dhifa ifanywe, ila kadi zisiuzwe mpaka gharama za ukumbi, muziki, uchapaji, walinzi na usafiri zimepata wa kuzilipa. La pili: mtoto yeyote aliyetetewa asiletwe, asitajwe, wala asipigwe picha katika dhifa hiyo. La tatu: maneno tuliyoyasema yachapwe nyuma ya kadi, na wazee wa chama hiki wawe wa kwanza kuyatia sahihi.

Kura ya kwanza twatumaini itapita bila taabu, maana ni hesabu tu. Ya pili tunajua itawauma wale wanaotaka kikapu kijae upesi. Ya tatu ndiyo itakayoonyesha kama twataka kuwatetea watoto au twataka kula pamoja kwa jina lao. Wenye shaka na wasimame sasa waulize. Tutawajibu kadiri tuwezavyo, na tutakaposhindwa, wazee watatufundisha.